Mstari wa Tisa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi ya Songea leo si ya kawaida. Nimevaa masweta mawili na bado vidole vinagoma kushika kalamu.

Sista Asumpta, mkuu wa kituo chetu cha afya, kaniita hata chai sijanywa. Madaktari wa macho wanakuja! Timu nzima kutoka Dar, siku nne, kuanzia tarehe 16. Upasuaji bure — mtoto wa jicho, vikope, yote. Nimefurahi kama dakika moja hivi. Kisha akanipa barua. Hawataki majina kwenye makaratasi. Wanataka yaingizwe kwenye programu ya database, ya kutunza majina kwenye kompyuta, orodha iwafikie tarehe 10, na jina lisijirudie hata moja. Kila jina litachapiwa kadi moja. Huna kadi, huonwi.

Barua inasema programu hiyo "isimikwe kwenye kompyuta ya kituo". Kompyuta ya kituo! Ile ya msaada, ambayo haiamki mpaka uipige kofi ubavuni. Na msimikaji ni mimi, maana cheo changu ni karani wa takwimu. Takwimu zangu zote natengeneza kwa kalamu na rula. Lakini nikasema, sawa Sista. Hivi kwa nini mimi huwa nasema sawa?

Mezani kuna madaftari kumi na moja yaliyoletwa na wahudumu wa afya wa vijijini. Nimehesabu majina mara mbili. 611.

Jumanne, 3 Juni 2025

Askofu anasimikwa kwa nusu siku, na kwaya inaimba na watu wanakula. Hii programu siku ya pili inakataa. Unabonyeza, kimstari cha kijani kinatembea, kinatembea, kinakaribia mwisho — kinakufa. Halafu maandishi mekundu ya Kiingereza, marefu kama litania ya watakatifu. Nimejaribu mara tisa. Mara ya tisa nilikuwa nimefumba macho.

Kwenye simu nimegundua kundi linaitwa Kijiwe cha Kompyuta. Watu elfu sita, wote wanaongea Kiswahili. Nikatupa swali: programu haisimikiki, nifanyeje? Dakika tano hazikupita, wakanichamba. Mmoja kasema huyu mgeni anaingia kwa watu bila hodi. Mwingine kasema hata daktari humwambii "naumwa" tu, unamwambia wapi. Wa tatu kaweka picha ya mbuzi amekaa mbele ya kompyuta. Watu mia mbili wameicheka.

Nimeenda chooni nimelia kidogo. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne! Niliporudi bando limeisha.

Jumatano, 4 Juni 2025

Nimenunua bando jingine. Nikakuta kuna mtu amenijibu usiku, anaitwa Muhsini, yuko Tunduru. Kasema dada usiwachukie, Kijiwe wana maneno makali ila moyo hawana mbaya. Kwanza salimia watu. Kisha piga picha hayo maandishi mekundu.

Nikasalimia. Nikapiga picha. Akasema ugonjwa anaujua: kompyuta yangu bibi, programu yangu binti, haziwezi kukaa nyumba moja. Akanitafutia toleo la zamani. Akanipeleka hatua kwa hatua, moja moja, kila moja anasema "ukifika hapo niambie". Saa tano akapotea. Nikajua basi, nimeachwa. Kumbe yuko shambani anapuliza salfa mikorosho, msimu wake huu. Saa nane akarudi, tukaendelea.

Saa kumi kasoro IMEFUNGUKA! Nimepiga kelele, Sista kaja mbio na fagio akidhani nyoka.

Huyu Muhsini chuo hajawahi kukanyaga. Kajifunza kwenye kompyuta ya dukani kwa mjomba wake. Kasema pale Kijiweni aliyesaidiwa hubonyeza "Limetatuliwa" na kuandika neno la shukrani, na katikati ya mwezi humchagua mmoja kuwa Fundi wa Mwezi. Watatu waliopata wameitwa kazini Dar bila kuulizwa vyeti. "Mimi dada cheti changu ni nyie." Nimemuahidi. Nikimaliza nitaandika, na nitaandika vizuri.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Idi. Muhsini katuma picha ya sinia la nyama, nikamwambia kula na kwa niaba yangu. Mimi nimeshinda ofisini. Majina 340. Wahudumu wengine wana mwandiko kama kuku amepita. Daftari zuri ni la Mpitimbi tu, la Makarius. Wino wa bluu, mistari imenyooka. Ila naye ana mambo yake, kila baada ya majina kadhaa anaongeza "mkubwa", "mdogo". Programu ina nafasi mbili tu, jina na ukoo. Sista kasema weka la ubatizo na la ukoo, basi. Nimeyaacha hayo madoido.

Jumapili, 8 Juni 2025

Pentekoste. Padre kahubiri juu ya lugha nyingi na watu wote kuelewana. Nikasema moyoni, aje aone kompyuta yangu. Mchana majina 190. Mgongo.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Majina yote 611 yamo. Nikabonyeza "kamilisha". Ikakataa! Kuna yaliyojirudia. Hilo nilitegemea. Mtu akisikia cha bure anajiandikisha kanisani, halafu anapita ofisi ya kijiji kujiandikisha tena, asije akasahauliwa. Lakini kuyachambua 611 kwa macho, na orodha inatakiwa kesho?

Nikamlilia Muhsini. Kasema hilo dogo, ataandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe kutoka juu hadi chini. Lakini aliniuliza kwanza: nitajuaje kwamba huyu na huyu ni mtu mmoja? Mwaka wa kuzaliwa? Nikamwambia haupo, nusu ya wazee wameandikiwa mistari mitupu. Kitambulisho? Watoto hawana. Basi una nini? Nikasema nina jina, kijiji na simu.

Akauliza tena. Naomba swali lake niliandike hapa jinsi lilivyo, lipo Kijiweni na kila mtu analiona. Kauliza: "Una hakika dada hakuna watu wawili wa jina moja, kijiji kimoja, simu moja?" Nikajibu: "Haiwezekani kaka. Simu moja mtu mmoja. Futa."

Skripti ina mistari kumi na minne. Wa tisa ndio unaofuta. Unamuacha aliyeandikwa kwanza, wanaofuata wanaondoka. Kaniambia kabla ya kuiendesha nitunze nakala ya orodha pembeni. Flashi yangu imejaa nyimbo za kwaya. Nikasema ya nini, nitachelewa.

Nikabonyeza. Kufumba na kufumbua — 488! Mia moja ishirini na tatu wamepeperuka. Nimepiga makofi peke yangu ofisini.

Jumanne, 10 Juni 2025

Orodha imekwenda saa nne asubuhi. Wale wa Dar wamejibu, safi sana, kazi nzuri. Sista kaninunulia maandazi mawili.

Nimebonyeza "Limetatuliwa". Nimeandika: huyu kaka amesafisha orodha ya watu 611 kwa pumzi moja, watu wasioona wataona kwa sababu yake, mpeni haki yake. Jioni nyota walizompa Kijiweni zilikuwa mia nne na kitu. Hata mwenye picha ya mbuzi kaweka nyota.

Saa mbili hii, nipo kitandani. Kwa mara ya kwanza wiki hii miguu imepata joto.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Makarius kapiga simu kutoka Mpitimbi. Nilidhani anashukuru.

Kasema kadi zimefika, amezigawa, zimepelea kumi na tatu. Nikamwambia hizo ni zile zilizojirudia, Makarius, tumezisafisha. Kasema kwake hakuna aliyejirudia, aliwapitia nyumba kwa nyumba. Kisha akauliza, "Kwa mfano hii ya Kunegunda Ngonyani, ni ya Kunegunda yupi?"

Nikasema, Kunegunda si Kunegunda?

"Dada Ida, wapo wawili! Bibi na mjukuu wake. Mkubwa na mdogo. Si nilikuandikia?"

Na simu je? Simu moja!

"Ya mwanawe bibi, ndiye baba wa mtoto. Nyumba nzima wana hiyo moja. Au ulitaka bibi naye awe na ya kwake kama nyie wa mjini?"

Nikasema nitaangalia. Nimekata simu nimekaa. Chai imepoa, sijainywa.

Mimi naitwa Ida. Nimeitwa kwa bibi yangu, mama mzaa baba, pale kwetu Namtumbo. Tangu nizaliwe nyumbani nilikuwa Ida mdogo na yeye Ida mkubwa. Akiita "wajina!" tulikuwa tunaitikia wote wawili kwa utani, naye anacheka mpaka anakohoa. Simu ilikuwa ya baba, tulikuwa watu tisa. Ningeandikishwa enzi hizo pamoja na bibi kwenye orodha kama hii, mstari wa tisa ungenifuta mimi, maana mkubwa huandikwa kwanza.

Mmakonde angekosea ningeelewa, si wa kwetu. Msukuma. Lakini mimi!

Ijumaa, 13 Juni 2025

Nakala sina. Kwa hiyo nimekaa na madaftari kumi na moja na orodha iliyobaki, jina kwa jina, kalamu na rula, kama zamani. Nimemaliza saa kumi na moja jioni.

Waliofutwa 123. Waliojirudia kweli ni 82. Watu ni 41.

Arobaini na mmoja. Babu na mjukuu, bibi na mjukuu, shangazi na mtoto wa kaka yake. Makarius na wenzake wachache wameandika mkubwa na mdogo. Wengine hawakuandika hata hivyo, kwao kila mtu anajua. Na si kila mara mkubwa yupo juu. Wengine walimtanguliza mtoto. Kwa hiyo kadi ina jina tu, ya nani haisemi.

Nimempigia mratibu wa timu. Mpole sana, nilitamani anifokee. Kasema orodha imefungwa, vifaa vimehesabiwa kwa majina 488, ratiba ya meza ya upasuaji imejaa hadi saa ya mwisho. Akiongeza arobaini na mmoja wa kwetu, ataongeza na wa wengine. "Dada, mngehakiki kabla ya kutuma." Kweli.

Kisha kwa Sista. Nilikuwa nimepanga maneno yote. Nimeingia, nikasema, Sista, kuna hitilafu ya kompyuta, watu wametoka kwenye orodha. Kashika kichwa. Kasema, basi ni yule fundi wako wa mtandaoni, watu msiowajua mnawapa kazi za watu.

Na mimi nikanyamaza! Nimesimama pale kama nguzo, nikanyamaza, nikatoka. Muhsini aliniuliza mara mbili. Mara mbili!

Jumamosi, 14 Juni 2025

Sijafanya kitu. Nimefua. Hazijakauka, ukungu umekaa kutwa nzima.

Jumapili, 15 Juni 2025

Wamemtangaza. Muhsini wa Tunduru ndiye Fundi wa Mwezi. Na juu kabisa wameweka maneno yangu kwa herufi kubwa: watu wasioona wataona kwa sababu yake.

Kaniandikia pembeni, si hadharani. Mama yake kachinja jogoo. Kuna kampuni Dar imemtumia ujumbe, wanataka kuongea naye wiki ijayo. Kasema hayo yote ni kwa sababu yangu, hatanisahau. Kisha: "Wakishaanza kuona dada, niambie ni wangapi. Nataka nimwambie mama idadi."

Nimeandika, kaka Muhsini, samahani, kuna jambo. Nikafuta. Nikaandika, swali lile uliloniuliza. Nikafuta. Mara ya tatu niliandika yote, vizuri, tangu mwanzo. Nilipofika kwenye 41 nikamuona mama yake na jogoo. Ikifika Kijiweni hawataangalia nani aliuliza na nani alijibu. Watasema skripti ya Muhsini imefuta vipofu. Nyota zote zitaondoka na kazi ya Dar pamoja nazo. Nisiposema, anamwambia mama yake uongo wangu.

Nimetuma "Hongera sana kaka". Na kile kichwa kinachocheka.

Nilienda misa ya pili. Sikupokea komunyo.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Wamefika. Mahema mawili uani, mashine, manesi wa Dar wamejifunika mablanketi ya wodini, baridi ya Songea wameikoma. Watu wamejaa tangu alfajiri, wamekaa kwenye mabenchi na mikeka. Wenye kadi wameishika mkononi, hawaiweki hata mfukoni.

Mimi nipo mezani getini. Nesi anasoma namba na jina, natia alama. Wa kwanza kuandaliwa ni mzee wa Namtumbo. Alipotoka na bandeji kaniambia asante mwanangu. Kwangu mimi!

Kati ya 41 nimewaona kama kumi na wawili. Wamekuja hivyohivyo, bila kadi, na wenzao wenye kadi. Wamekaa nyuma. Hawagombi. Wangegomba ningejua la kujibu.

Nimemuomba daktari mkubwa wakati wa chakula, angalau wale waliopo. Kaniangalia kwa huruma kabisa. Kasema tukipata asiyekuja, tutaona. Leo wamekuja wote.

Makarius kasema Mpitimbi zamu yao ni kesho.

Jumanne, 17 Juni 2025. Saa nne na robo.

Nimejifungia ofisini. Naandika haraka.

Walikuja na lori la mahindi, Makarius kawapanga vizuri kwenye benchi. Nikawajua kabla sijaonyeshwa. Bibi kavaa kitenge na koti la kiume, macho yote mawili meupe. Amemshika bega mtoto. Mtoto ana kama miaka minane, ana sweta la shule la kijani, anageuza kichwa kila saa anatazama kwa jicho la kulia, la kushoto lina doa kama maziwa. Nikasema shikamoo bibi. Kasema marahaba, wewe ndiye Ida wa kompyuta? Makarius kamwambia habari zangu, sijui zipi. Kashika mkono wangu muda mrefu. Mkono wake wa moto katika baridi hii.

Nikamuuliza Makarius pembeni, kadi wamekubaliana ni ya nani? Kasema nyumbani hawajakubaliana. Baba wa mtoto anasema mtoto ana shule, ubao hauoni. Bibi naye kasema sawa, apewe mdogo. Lakini mtoto kagoma. Anasema akipona yeye, bibi atabaki gizani na nani atamshika kwenda kisimani, maana yeye atakuwa shuleni. Wamelala hawajamaliza. Wamesema wacha iamue hospitali.

Wacha iamue hospitali!

Nesi kafika namba 214. Kaita kwa sauti, "Kunegunda Ngonyani, Mpitimbi."

"Abee!"

Wote wawili. Sauti moja nzito, moja nyembamba. Wamesimama wote, wameshikana. Benchi zima limecheka, hata wao wamecheka, nadhani ni utani wao wa siku zote. Nesi hakucheka. Kaangalia kadi, kawaangalia, kanigeukia mimi. "Dada, hapa nina mmoja. Ni yupi?"

Nilitakiwa niseme hapohapo. Niseme ni wote, kosa ni langu, mtu aliniuliza mara mbili na nikamjibu futa. Mbele ya Sista, mbele ya Makarius, mbele ya benchi. Mdomo ulifunguka. Nikasikia umesema, ngoja nikaangalie kwenye kompyuta.

Basi niko hapa. Mlango nimefunga kwa komeo. Mbele yangu daftari la Makarius, ukurasa wa saba. Kunegunda Ngonyani mkubwa. Chini yake, Kunegunda Ngonyani mdogo. Wino wa bluu, mistari imenyooka.

Simu inatetemeka. Muhsini. Kasema yuko na mama, wanauliza tumefika wangapi.

Dirishani nawaona. Bado wamesimama. Mtoto kamfunga bibi vifungo vya koti, kimoja kimoja. Wanatazama mlango wangu, yaani mtoto anatazama, bibi ameelekeza uso tu.

Wanagonga. Nesi. Anauliza, dada Ida, kompyuta inasemaje?

Hata sijaiwasha.